Konzi ya Sita

Mwanamke mmoja alikuwa na chungu kimoja na watu sita wa kula humo, yeye mwenyewe akiwamo. Jina lake Mwajabu. Jioni moja, jua likiwa limeanza kuinama, alikuwa ameketi uani akichambua mchele kwenye ungo, chuya huku, mawe kule, mara jirani yake Mwanakombo akaingia bila hodi.

Mwanakombo alisema wenye daftari, wale wa serikali wanaoondoa wageni nchini, wamefika. Wameanzia mtaa wa juu, wana lori, na wanapita nyumba hadi nyumba saa ya chakula, maana ndiyo saa ambayo kila mtu yuko kwao. Hawaulizi vyeti, kwa kuwa wanajua wengi hawana. Wanauliza jambo moja tu: leo chunguni wameitwa nani na nani. Asiyeitwa anapanda lori. Na nyumba itakayomwita mgeni kana kwamba ni wake, inapanda lori yote.

"Wewe si unaye mmoja, mwenzangu?" Mwanakombo alisema akiwa amekwisha kugeuka. "Mtoe mapema. Jino bovu hung'olewa kabla taya halijavimba."

Katika kijiji kile watu hawahesabiwi kwa kidole. Anayewanyooshea watu kidole, mmoja, wawili, watatu, huambiwa anawahesabia kifo. Kwa hiyo mama wa nyumba huhesabu kwa mchele. Huchota konzi, mkono mmoja uliojaa, hutaja jina la mtu kwa sauti, hutia chunguni. Huchota nyingine, hutaja jingine. Mtoto huitwa siku anapoota jino. Mke huitwa jioni ya kwanza anapolala pale. Aliyeitwa chunguni ni wa nyumba hiyo, na hakuna aliyewahi kuuliza zaidi.

Huyo mmoja aliyesemwa na Mwanakombo alikuwa Anjelina. Miaka kumi na minne nyuma alivuka mto na mkeka kichwani, kwao kukiwaka moto, akaomba kulala siku mbili. Siku ya tatu alishika jembe. Masika yaliyofuata alimzalisha Mwajabu mtoto wake wa pili, Salma, mkunga akiwa ng'ambo ya mafuriko. Tangu hapo Mwajabu alimwita chunguni, wa mwisho, baada ya watoto. Watoto walimtania kwa namna alivyoita kuku, naye aliwaita hivyohivyo makusudi ili wacheke.

Mwajabu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye binti wawili na mume mwenye mgongo mbovu. Akafikiri kama mama anavyofikiri: mmoja atoke, watano wabaki. Akainjika chungu. Maji yalipochemka akatia konzi ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne, ya tano. Hakutaja jina. Aliona haya kusikika akiita watu watano na kumruka wa sita, akaona afadhali anyamaze. Mkono uliporudi kwenye ungo mara ya sita ulikaa humo kidogo, kisha ukatoka mtupu. Akafunika chungu.

Alidhani hakuna aliyeona. Lakini habari ya lori walikuwa wameisikia wote, na watu wa nyumba huisikia sauti ya mama chunguni kama wanavyosikia mvua juu ya bati: huitambua inapokatika. Mumewe Chilumba, aliyekuwa akitia jembe mpini, aliacha kugonga. Baba yake aliletwa kukata mkonge kutoka nchi nyingine, akafia kambini, akazikwa chini ya kibao chenye namba. Chilumba aliingia ndani, akapanda kwenye stuli, akapapasa juu ya ukuta hadi akakipata kipande cha bati chenye namba ya kazi ya marehemu. Akakitia katika mfuko pamoja na shati moja, mfuko akauweka mlangoni. Mama yake, Bibi Nyamizi, aliyeolewa kutoka mbali kiasi kwamba hakuna aliyeikumbuka njia, alikunja mkeka wake akaufunga kwa kamba ya mgomba. Tatu, binti mkubwa, alikuwa mweupe kuliko wenzake wote. Weupe huo ulitoka kwa babu yake Mwajabu, mchuuzi aliyekuja na marobota ya nguo asirudi kwao. Tatu aliokota kaa lililozima, akaenda nyuma ya nyumba, akaanza kujipaka mikono.

Anjelina peke yake hakuhangaika. Aliosha sahani sita, akapanga tano mkekani, ya sita akairudisha kichanjani. Kisha akavuta kifurushi chake kutoka nyuma ya mlango. Kilikuwa hapo miaka yote kumi na minne, wala hakuwahi kukifungua chote.

Mwajabu alipoingia kuchukua mwiko alikuta mizigo mitatu mlangoni. Yeye alikuwa amemwacha mtu mmoja tu. Akamwona Tatu akirudi, mikono myeusi hadi viwikoni, uso uleule. Nyumba ya pili injini ya lori ilizimwa, mlango ukagongwa, na sauti ya Mwanakombo ikasikika ikisema mbiombio kwamba mume wake amezaliwa hapahapa, hapahapa kabisa, waulizwe watu.

Bibi Nyamizi akamtazama mkwewe. "Mwanangu, leo hukuita majina. Niambie nijue. Nani kati yetu hayumo?"

Mwajabu angeweza kujibu. Jina moja lingewatuliza wote waliobaki. Alifungua mdomo alitaje, akaiona jioni ya kesho, na ya kesho kutwa, wote wakiutazama mkono wake kwenye ungo. Akakumbuka kwamba naye aliolewa pale, na kwamba iko siku mkono utakaochota hautakuwa wake.

Akafunua chungu, akatia konzi ya sita, maji yakiwa yamekwisha kupungua. Kisha akaita majina yote kwa sauti ya kufika barabarani: Chilumba, Bibi Nyamizi, Tatu, Salma, Mwajabu, Anjelina. Akamtuma Salma kuleta sahani ya sita. Akamwambia Tatu akanawe, maana hakuna anayekula na masizi mikononi.

Wali uliiva vibaya. Konzi ya mwisho haikupata maji wala muda, na punje zake ngumu zilisambaa katika sahani zote, ikawa hakuna anayejua ngumu ni za nani. Walikaa sita. Miguu ya wenye daftari ilikanyaga kokoto za uani, mwanga wa kurunzi ukapanda ukutani, ukashuka juu ya sahani, ukaanza kuzipitia moja moja. Hakuna aliyeinuka. Walitafuna.

Ninyi mnaosikia: konzi moja ikishapunguzwa bila jina, ni nani kati yenu atakayekula akijua kwamba aliyeachwa si yeye?