Tela Katika Bonde la Ukungu

Wahenga walipomwambia msafiri "kawia ufike", hawakuusifu uvivu. Walimaanisha kwamba safari haipimwi kwa wepesi wa njia bali kwa kufika, na kwamba aliyechelewa akiwa mzima amemshinda aliyewahi mahali asipoweza kurudi. Kantengwa wa Kihanga aliijua methali hiyo tangu darasa la tatu. Lakini kujua si kushika.

Kazi yake ilikuwa kuwapangia njia wageni waliotaka kuzitazama hifadhi za Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa bila kulala chini. Mdogo wake, Projest, aliendesha gari, na nyuma ya gari walifunga tela refu lenye kitanda, jiko na pipa la maji. Tela lile lilikuwa zito kama kiboko, tena na tabia moja mbaya: halikupenda kurudi nyuma. Ukilirudisha kwenye njia nyembamba, lilijikunja kama panzi aliyekanyagwa. Kwa hiyo kabla ya kila safari Kantengwa alitangulia kwa bodaboda, akapima kila kona na kila daraja, akatia alama mahali pa kugeuzia. Njia asiyoipita mwenyewe hakuiandika.

Mwezi wa Novemba aliwajia Mwalimu Deodatha, mstaafu wa Kayanga. Macho yake yalikuwa yakifa. Daktari alimwambia nuru iliyobaki ni ya miezi, si ya miaka. Alizaliwa kwenye vilima vya Kyerwa, akaviacha akiwa msichana, naye alitaka kuviona tena mara moja kabla giza halijamfunika.

"Wanangu, ninaona jua likiwa kali tu," aliwaambia. "Mawingu yakitanda, nyote mnakuwa vivuli."

Kantengwa alipanga siku tatu, kwa njia ndefu ya mgongoni mwa vilima. Siku ya pili waliamka wakakuta mawingu mazito yakipanda kutoka magharibi. Projest akafungua ramani ya simu.

"Dada, tazama. Njia hii ya bondeni inatufikisha saa sita mchana. Ile yako ni mpaka kesho. Mvua ikishika, Mwalimu ataona nini?"

"Hiyo sijaipita."

"Si imechorwa hapa?"

"Aliyeichora hakuwa na tela."

 Mwalimu Deodatha alikuwa ameelekeza uso kwenye jua lililokuwa likififia, kama mtu anayeota moto unaozimika. Kantengwa alipouona uso ule, moyo ukamlainika kama ndizi mbivu.

"Haya," alisema. "Twende ya bondeni."

Kwa saa nzima njia ilikuwa njema. Kisha ikaanza kushuka, vichaka vikasogea pande zote mbili, na ukungu ukawapokea. Haukuletwa na upepo. Ulikuwa umekaa bondeni mle kama kitu kinachongoja. Ndege walinyamaza. Projest aliwasha taa, mwanga ukamrudia machoni.

"Simama," Kantengwa akasema. "Nitatangulia kwa miguu. Usinipite."

Alitembea akigonga ardhi kwa fimbo, gari likimfuata kwa kunyata. Ndipo aliposikia kwato. Ng'ombe wengi, wakipita karibu kabisa, bila mlio wa koo na bila harufu. Baada ya kwato, sauti ya mwanamke ikaita kwa Kinyambo, laini kama ya mama anayewaita watoto kula.

"Njooni. Njia ni nyeupe. Njooni."

Projest akatoa kichwa dirishani kwa furaha. "Umesikia? Kuna wenyeji! Panda, dada, twende!"

Kantengwa akanyoosha mkono kumzuia. "Ni nani wewe?" aliuliza kwa Kinyambo. "Wewe ni wa nyumba ya nani?"

"Njooni. Njia ni nyeupe. Njooni."

Maneno yaleyale, kwa sauti ileile, kutoka palepale.  Kantengwa aliokota jiwe, akalirusha kule sauti ilikotoka, akasubiri lianguke. Halikuanguka. Akasubiri tena. Kisha, mbali sana chini, maji yakalia.

"Zima gari!" alipiga kelele. "Zima, Projest, kwa jina la Yesu!"

Hatua nne mbele yake njia ilikuwa imekatika. Mvua za miaka mingi zilikuwa zimeila; aliposogea ukingoni, fimbo yake ikapapasa hewa tupu.

Mwalimu Deodatha alishuka akishika ubavu wa gari. "Bonde hili nalijua," alisema taratibu. "Watu wake walihama nikiwa mdogo, wote. Hapa hapana wa kuita. Msiitike tena."

Tela lilikataa kurudi. Walitia mawe chini ya magurudumu, wakamwaga maji yote ili lipungue uzito, wakalifungua kwenye gari, kisha wakachimba ukingo kwa jembe mpaka pakapatikana nafasi ya kulizungusha kwa mikono, shubiri kwa shubiri. Muda wote huo sauti iliwaita migongoni mwao, haikupanda wala kushuka. Projest alisukuma huku machozi yakimtoka.

"Nisamehe, dada. Ningetumaliza."

"Sukuma. Aliyesema 'haya' ni mimi."

Alasiri ukungu ukapasuka. Sauti ilikuwa imekoma. Ng'ambo ya korongo, kule kwato na sauti zilikotoka, waliona majani yaliyofika kiunoni, yamesimama wima. Hapakuwa na unyayo, wala kinyesi cha ng'ombe, wala hata jani moja lililolala. Hakuna aliyetaka kutazama mara ya pili.

Walilala juu ya kilima, mvua ikinyesha, kesho yake wakaishika njia ndefu. Siku nzima Kantengwa hakuthubutu kumtazama Mwalimu. Siku ya nne, saa tano asubuhi, wakafika kwenye ukingo wa vilima. Mvua ilikuwa imeosha anga, na jua liliwaka kama tanuri.

Mwalimu Deodatha aliteremka, akasimama ukingoni. Akaanza kuvitaja vilima kimoja kimoja kwa majina, akivionyesha kwa kidole, mpaka akafika kwenye Mto Kagera uliong'aa chini katikati ya mafunjo.

"Ule mweupe," alisema. "Ninauona." Kisha akamgeukia dereva, akacheka huku akilia. "Projest, kumbe una sharubu!"

Walikuwa wamechelewa siku nzima, lakini wote watatu walikuwa pale, wakiangaliana kwenye jua. Ama kweli, kawia ufike.