Sange Alivyoisifu Filamu ya Kiboko

Mpo?

—Tupo.

Masikio mmekuja nayo?

—Tumekuja nayo.

Na midomo?

—Nayo ipo.

Basi masikio yaacheni wazi, na midomo mniitikie nikipumzika, maana hadithi isiyoitikiwa ni ugali mkavu. Niitoe?

—Itoe.

Naitoa.

Hapo kale, wanyama walipokuwa wakisoma vitabu na kwenda sinema, aliishi Digidigi mmoja jina lake Siwatu. Alikuwa mjane, mdogo wa umbo, mwenye macho makubwa na sauti ya chini. Majirani walimwona kila asubuhi amekaa kichakani anaandika, wakadhani anawaandikia ndugu zake wa mbali. Kumbe alikuwa anatunga riwaya.

Riwaya yenyewe aliiita Kishindo cha Pili. Ilimhusu mama mmoja aliyeishi peke yake. Mama huyo akitoka jikoni kwenda chumbani, husikia mguu wake ukigusa sakafu, kisha husikia mguu mwingine. Ta… ti. Akisimama, kimya. Akienda tena, ta… ti. Je, kuna mtu ndani ya nyumba, au ni moyo wake tu? Riwaya haikusema. Hakukuwa na damu mle wala panga, wala hakuna aliyeuawa. Lakini Twiga alipoisoma, alishinda kutwa amesimama katikati ya uwanda, mbali na kila kitu chenye kivuli. Nyani alipoisoma, alianza kutembea huku anaimba ili asiisikie miguu yake. Kitabu kikapita mkono kwa mkono mpaka jalada likachakaa, na kila aliyekimaliza alikwenda kumwambia Siwatu kwamba amemwogopesha vizuri.

Sasa, mtoni aliishi Kiboko. Kiboko alikuwa na nguvu, alikuwa na tumbo, na alikuwa na sinema. Sinema yake ilikuwa pangoni karibu na kivuko. Humo alitundika kitambaa cheupe, akaweka na mashine ya kuonyesha picha. Aliposikia kila mdomo unakitaja kitabu cha Siwatu, alimwendea akamwambia anataka kukigeuza filamu. Siwatu aliomba mambo mawili tu: jina lake litangulie kwenye kitambaa, na mwisho wa hadithi usiguswe. Kiboko akasema sawa. Siwatu akarudia ombi lake. Kiboko akasema sawa tena, upesi kuliko mara ya kwanza, na Siwatu akafurahi.

Siku ya onyesho la kwanza, alasiri, pango lilijaa. Siwatu alikaa mbele. Mashine ikaanza, krrrr, na kwenye kitambaa yakatokea maandishi. Filamu ya Kiboko. Hadithi ya Kiboko. Muziki wa Kiboko. Siwatu akasubiri jina lake. Yalipita mpaka majina ya waliowachotea maji waigizaji, lakini lake halikupita.

Hata hivyo filamu ilianza vizuri. Bi Swala ndiye aliyeigiza yule mama, na aliigiza kwa macho tu, bila maneno mengi. Ta… ti. Pango zima likashika pumzi. Ngiri akajificha nyuma ya Kobe, Kobe akajificha ndani yake mwenyewe. Ta… ti. Halafu, hadithi ilipofika katikati, gubu! Mlango kwenye picha ukaanguka, akaingia Kiboko amevaa kofia. Akafungua kabati, akamtoa mwizi, akampiga pu, pu, pu, akamkalia. Kisha akaimba wimbo mrefu, huku bado amemkalia.

Pangoni huko nyuma mmoja akacheka kidogo, pwi, kama anayekohoa. Akafuata mwingine. Siwatu akainuka taratibu, akatoka, na wimbo ulikuwa bado haujaisha.

Desturi ya wanyama wa bonde lile ilikuwa hii: filamu mpya ikionyeshwa, asubuhi yake wahakiki hukutana mtoni wakaichambua, wengine wakisikiliza huku wanakunywa maji. Lakini asubuhi hiyo walimkuta Kiboko amelala kivukoni, amekiziba kutoka ukingo hadi ukingo. Aliwatangazia kwamba kila mmoja atatoa maoni yake kwanza, ndipo anywe.

Akaja Kunguru. Kunguru alikuwa mhakiki mkali, filamu ilikuwa haipiti mdomoni mwake bila kudonolewa. Aliyatazama maji, akamtazama Kiboko, akasema filamu ni nzuri. Kiboko akasogea, Kunguru akanywa. Akaja Kasuku, akasema aliyoyasema Kunguru. Kiboko akasogea, Kasuku akanywa. Akaja Nyani. Nyani akasema mwanzo umempendeza, ila kitabuni hamna mwizi, na ile hofu ilikuwa tamu kwa sababu haikuwa na uso. Kiboko hakusogea. Alimjibu kwamba maji ya mto huu si ya wasoma vitabu.

Kilikuwa kiangazi. Bwawa jingine lilikuwa mbali, na maji yake yalikuwa tope. Nyani alikwenda huko na mkewe na mwanawe mchanga, wakanywa tope mpaka mtoto akaanza kuumwa tumbo. Basi Nyani akarudi kivukoni, midomo imempasuka, akasema filamu ni nzuri, na hasa mwizi. Kiboko akasogea. Alimnywesha mwanawe kwanza, kisha akanywa yeye, bila kumtazama mtu usoni.

Sifa zikamnogea Kiboko. Jana neno moja lilitosha, leo akataka sentensi, kesho akataka hotuba. Pundamilia akisema nzuri, anaulizwa nzuri kiasi gani. Nyumbu, kwa wingi wao, walikuwa wakipanga foleni mpaka jua la utosi wakisubiri zamu ya kusifu. Na Kiboko hakushiba. Kadiri alivyosifiwa ndivyo alivyozidi kupanua masikio yake yale madogo.

Jirani yake Siwatu alikuwa Sange. Sange mnamjua: mnyama mdogo kama panya, mwenye pua ndefu inayochezacheza, ambaye akishtuka hupiga mguu chini, ti ti ti, kuwaonya wenzake. Alikwenda kumtazama shoga yake, akamkuta kichakani anatafuna majani. Kwa maji hakuwa na shida, maana digidigi hupata maji yake kwenye majani mabichi. Lakini kalamu yake ilikuwa imelala kando, na Sange akamuuliza kinachomsumbua ni yule mwizi au ni nini.

"Mwizi namsamehe," Siwatu akasema. "Lakini kile kitabu nilikiandika mwaka ule niliofiwa na mume wangu. Vile vishindo nilivisikia mimi, shoga. Yeye hajavisikia."

Pua ya Sange ikacheza. Kisha akamwambia mwenzake aendelee kula, yeye anakwenda mtoni kuisifu ile filamu. Siwatu alimtazama kwa huzuni, akidhani shoga yake naye ameshikwa na kiu.

Kivukoni foleni ilikuwa ndefu. Sange, kwa udogo wake, akapita chini ya matumbo ya Nyumbu mpaka akafika mbele.

"Mzee Kiboko," akasema, "hawa wote wamekusifu vibaya."

Kiboko akafungua jicho moja.

Sange akamweleza kwa adabu kwamba wenzake wanaisifu filamu kwa sababu iliwatisha walipokuwa pangoni. Lakini kumtisha mtu pangoni si kazi, hata popo huweza. "Hadithi kubwa ya hofu haibaki kwenye kitambaa," akasema. "Hutoka, ikamfuata aliyeitunga mpaka kwake. Hapo ndipo sisi wahakiki hujua hadithi ni ya nani. Bila shaka wewe, mzee wangu, umekwisha kuanza kukisikia kishindo cha pili."

Kiboko akafungua jicho la pili. Maisha yake yote hakuwahi kusikia kitu kikimfuata isipokuwa njaa. Lakini akisema hasikii, amekiri kwamba hadithi si yake, na foleni nzima ilikuwa inamtazama.

"Nakisikia," akasema. "Kila siku."

Sange akainama kwa heshima. Akawageukia wanyama, akawaambia wamesikia kwa masikio yao, mzee anafuatwa, na hakuna sifa ipitayo hiyo. Akanywa tone lake, akaondoka.

Jioni jua likishuka, Kiboko akatoka mtoni kwenda kula majani kama kawaida yake. Gubu… ti. Akasimama. Kimya. Akapiga hatua. Gubu… ti. Akageuka, na nyuma hakuona ila nyasi. Mnajua aliyekuwa nyasini. Kiboko hakujua.

Akatembea upesi. Gubu ti, gubu ti, gubu ti. Akatembea kwa ncha za vidole, Kiboko na unene wake, anayumba kama mtungi kichwani mwa mlevi. Gub… ti. Akarudi mtoni na tumbo tupu. Akazama, na alipotoa pua kuvuta pumzi, ukingoni ikalia: ti.

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Akitoka, ti. Akirudi, ti. Yule mlafi akaacha kula. Ngozi yake ikalegea, macho yakawa mekundu kwa kukosa usingizi. Na asubuhi wanyama walipomsifu alikuwa hawasikii tena, maana katikati ya kila sifa alikuwa anatega sikio nyuma.

Mwishowe akamwita Sange. Alitaka kumnong'oneza, lakini Kiboko akinong'ona husikika ng'ambo ya mto, kwa hiyo foleni yote ilisikia. Alimuuliza kile kishindo kinataka nini kwake.

Sange akashangaa. Alimuuliza si hadithi ameitunga mwenyewe, na je, yule mama mwishoni alifanya nini hata akapata amani. Kiboko akasema mwishoni alitolewa mwizi kabatini. Sange akamshauri basi alitazame kabati lake.

"Nimeshalivunja," Kiboko akasema. "Hamna mtu."

"Hapo mimi sina ujuzi," Sange akasema. "Dawa anayo aliyeitunga."

Kiboko akaitazama foleni, akayatazama maji. Kisha akasema yote. Kitabu hakukisoma. Alisimuliwa na Kasuku, na Kasuku naye alisimulia mpaka katikati, njaa ikamshika, akaenda zake. Kasuku aliposikia hivyo akaanza kuyatazama mawingu.

"Hadithi si yangu," Kiboko akasema. "Ni ya Siwatu. Niitieni."

Siwatu akaja. Njiani alikuwa amepanga maneno makali, maana alikuwa na haki nayo. Lakini aliposimama mbele ya Kiboko na kuyaona yale macho mekundu, aliyajua. Alikuwa nayo yeye mwenyewe mwaka ule. Yale maneno makali hayakutoka.

Akamweleza kwamba kitabuni yule mama hakukifukuza kishindo. Asubuhi moja alipika chai, akaweka vikombe viwili mezani, akaketi, akatulia. Vishindo vikaja taratibu, vikasimama karibu na kiti cha pili, na mama akamimina chai katika vikombe vyote viwili. Tangu siku hiyo akawa anatembea navyo nyumbani kama mtu anayetembea na jamaa yake.

"Usikikimbie," Siwatu akamwambia. "Tembea polepole, kikufikie."

Kiboko akainuka kivukoni, na maji yakafunguka. Akapanda ukingo polepole. Gubu… gubu… gubu. Nyuma yake palikuwa kimya, maana Sange alikuwa ameukunja mguu wake, anakula mchwa. Kiboko alikula majani mpaka jua likazama, akarudi akalala usingizi mzito, mpaka samaki wakahama kwa kukoroma kwake.

Baada ya hapo filamu ikakatwa upya. Mwizi akaondolewa, na kwa kuwa kila alipokuwepo mwizi ndipo alipokuwepo Kiboko, wote wawili wakatoka pamoja, na wimbo wao. Bi Swala akarudi kuigiza mwisho ule wa vikombe viwili. Jina la Siwatu likatangulia, kubwa, peke yake kwenye kitambaa cheupe.

Ilipoonyeshwa tena hakuna aliyecheka. Ta… ti. Bi Swala alipomimina chai ya pili, pango zima likatoa pumzi kwa pamoja. Kiboko alikuwa amekaa nyuma, na pumzi yake ndiyo iliyosikika zaidi, fuuuu. Mpaka leo kiboko akiibuka majini hutoa pumzi namna hiyo, akatega sikio kidogo, kisha akazama.

Asubuhi yake wahakiki wakakutana mtoni, kivuko kikiwa wazi. Nyani akanywa kwanza, ndipo akasema. Kunguru naye akarudi kuwa Kunguru: akasema katikati filamu inajikokota, muziki una kelele, na kitabu bado kinaishinda, ila ule mwisho hatausahau. Siwatu alisikiliza akicheka, akakubali kwamba katikati kweli inajikokota, hata kwenye kitabu. Kisha akarudi kichakani kwake na Sange, wakatafuta kivuli, wakapumzika. Siku ya pili alionekana na kalamu.

Funzo la hadithi hii ni hili: mhakiki mwema husimama mbele ya mkubwa akasema kweli tupu, bila kuzungusha maneno, kama alivyofanya Sange. Anayebisha ndiye aliyekuwa anasikiliza.

Hapa naitua. Atakayeipenda aichukue akawasimulie wengine. Atakayeichukia anirudishie, bado ni mpya.