Pilipili za Eliakunda

Banda la kufuli halizai pilipili. Mmenisikia nikimwambia shangazi yenu maneno hayo asubuhi, mkacheka, na sasa mnataka kujua yametoka wapi. Haya, sogeeni, nyumba haijazwi na viti. Mwanzo wake ni huu.

Hapa hapa Tengeru aliishi mjane mmoja, Eliakunda. Alipanda pilipili za mapambo, zile fupi za kwenye vikopo, ambazo mche mmoja hubeba za zambarau, za njano na nyekundu kwa pamoja. Hazipikwi, watu huziweka mezani wakazitazama. Alizilea ndani ya banda la nailoni, na kila Desemba mwenye duka la maua mjini alikuja kuzichukua zote. Hakuwa na riziki nyingine.

Banda hilo lilikuwa baraza la wanawake. Kijia cha katikati kilikuwa chembamba, nao walipita humo kwa mstari, kanga zikikwaruza miche, wakiambizana nani kaolewa na nani karudi kwao. Aliyewaongoza wote kwa maneno alikuwa Ndeanasia, dada wa marehemu mumewe, mkulima wa nyanya.

Mwaka mmoja, mwezi wa Juni, wakaingia inzi weupe, majani yakajikunja. Bwana shamba akasema wadudu hao husafiri hata kwenye nguo za watu. Eliakunda akamgeukia Ndeanasia mbele ya wenzake.

"Wifi, umewatoa kwenye nyanya zako ukaniletea pamoja na umbea wako. Sitaki mtu humu."

Akaziba kila tundu kwa neti, akatia kufuli. Inzi wakaisha. Watu nao wakaisha.

Mwanzoni aliufurahia ukimya. Baadaye ukamlemea. Alichemsha chai ya kikombe kimoja, akapita kati ya miche akiwa amelikusanya gauni lake lisiguse hata jani. Wanawake walipopita barabarani wakicheka, aliacha kumwagilia asikie wanamcheka nani, lakini sauti zilipotea kwenye kona kabla jina halijatajwa. Siku nyingine jua lilizama hajatamka neno. Akimwita paka, alishtuka kusikia sauti yake ilivyokauka.

Miche ilipona, ikachanua maua meupe tele. Kisha maua yakaanguka bila kuacha tunda hata moja. Yakachanua mengine, nayo yakaanguka. Oktoba ikaingia. Kutoka ua hadi pilipili iive ni wiki nyingi. Maua ya safari hii yakipotea, mwenye duka angekuta majani matupu.

Eliakunda akaenda kwa wifi yake.

"Hodi."

"Karibu, mwenye kufuli," Ndeanasia alijibu bila kuinuka. "Leo umepoteza ufunguo?"

"Wifi, maua yangu yanaanguka. Njoo unitazamie."

"Nije na inzi wangu?"

Eliakunda alifuta machozi kwa kiganja. Ndeanasia akaguna, akavaa kanga safi, wakaongozana.

Bandani alitazama maua yaliyotapakaa chini, akatazama neti.

"Nyuki umewafungia nje. Upepo umeufungia nje. Na sisi wenye makalio umetufungia nje. Sasa unga wa ua utatikiswa na nani?"

"Makalio tena, wifi?"

"Si kijia chako hiki! Kila tulipopita tuliisukuma miche, ikazaa. Ulidhani tunakuharibia." Akavuta pumzi. "Lakini si kazi kubwa. Tafuta kijiti, kila asubuhi gonga mashina polepole, maua yatashika. Hutatuhitaji."

Akageuka aondoke.

"Kijiti ninacho, wifi," Eliakunda akasema. "Mtu ndiye sina."

Ndeanasia akasimama mlangoni, akiwa amempa mgongo. Kisha akarudi ndani, akapita kijia chote hadi mwisho, taratibu, akiigusa miche ya kulia na ya kushoto.

Kufuli likaondolewa. Mlangoni zikatundikwa kanga safi, na kila aingiaye alibadili yake kwanza. Wanawake wakarudi na habari za miezi minne. Desemba ilipofika, nusu tu ya vikopo vilikuwa na pilipili zilizoiva. Vingine vilibaki na za kijani, na mwenye duka akaviacha. Watu walipokuja kumpa pole, Eliakunda aliwasogezea chai, akawajibu:

"Mngenipa pole mwezi wa Agosti, nilipokunywa chai peke yangu. Banda la kufuli halizai pilipili."