Ufunguo wa Lambo

Wahenga walipotuachia methali ya chombo na manahodha wake, walimaanisha kwamba kila mtu akishika usukani, hakuna anayefika. Watu wa kijiji kimoja kupita Vitengeni, mbali na bahari, waliijua methali hiyo kwa ulimi tu.

Walikuwa na lambo moja la maji, walilolichimba kwa majembe yao wenyewe. Lilisimamiwa na kamati ya watu saba, waliochaguliwa kwa wanakijiji kupanga mstari nyuma ya waliowataka. Mwenyekiti, Mzee Masha, ndiye aliyetunza ufunguo wa lango. Watu waliteka kwa zamu, na ng'ombe walinyweshwa kwenye hori nje ya ua wasije wakayavuruga maji. Kamati nayo ilikuwa na ila zake. Iliweza kubishana kutwa nzima juu ya kuziba tundu moja la ua, kisha mkutano ukaahirishwa na tundu likabaki pale pale.

Jambo hilo lilimchosha Baya, mfugaji mwenye maneno matamu. Kiangazi kilipoanza kuuma, aliuliza mkutanoni kwa nini mtu mzima angoje ruhusa ya kuteka maji ya Mungu.

"Watu saba kwa lambo moja," alisema. "Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Tuwatoe wote, kila mtu ajitawale."

Watu walicheka na kupiga makofi. Wakapanga mstari kwa mara ya mwisho, na kamati ikavunjwa. Mzee Masha alimkabidhi Baya ufunguo, naye akautupa kichakani. Mbodze, mamake Baya, aliyechimba lambo hilo akiwa na mimba ya huyo huyo Baya, alikataa kusimama mstarini.

"Mwanangu, umewatoa manahodha saba ukatuweka sisi sote," alimwambia.

Majuma ya kwanza yalikuwa matamu. Kisha mmoja akaona hori liko mbali, akaingiza ng'ombe ndani. Jirani yake akaona hawezi kuwa mjinga peke yake. Baya naye akaingiza wake. Ua ukageuzwa kuni, maji yakawa tope, na kila aliyekanya aliulizwa yeye ni nani. Hakuwapo hata wa kuitisha mkutano, kwa kuwa kila mtu alikuwa mkubwa. Lambo likakauka mvua ikiwa bado mbali.

Mbodze alikuwa ameyanywa yale maji ya tope. Tumbo lilimshika, akafariki. Wanawake walimlaza mkekani wakasubiri maji ya kumwosha, wala nyumbani hapakuwa na hata kata moja. Baya alibisha mlango hadi mlango. Kila mtu alimpa pole ya dhati, lakini maji aliwawekea wanawe, na nani angemlaumu? Alirudi mikono mitupu, akaketi chini akalia. Ndipo Mzee Masha alipofika akisukuma baiskeli iliyobeba dumu la maji kutoka mbali.

"Mzee, turudishe kamati," Baya alimwambia. "Tupange mstari hata leo."

"Mwosheni mama kwanza," alijibu Masha. "Mstari tutaupanga, mwanangu, lakini maji ya kulinda hayapo."

Baya alilipokea dumu kwa mikono miwili. Alikumbuka alivyowacheka wale saba, na neno la mamake likamchoma moyo, kwani kweli manahodha wengi, chombo huenda mrama.