Mgeni wa Chumba cha Ndani

Hapo zamani za kale, kale ambayo nayo ilikuwa na kale yake, wanyama walikuwa na nyumba, mikeka na majirani wenye maneno, kama sisi tu. Sogeeni basi. Na wewe unayecheka huko nyuma, cheka sasa, maana mbele sina hakika kama utapata nafasi.

Palikuwa na mji wa mawe juu ya kilima, mpakani kabisa. Upande wa mawio ilikuwa mbuga ya akina Nyati. Upande wa machweo vilikuwa vichaka vya miiba vya akina Kifaru. Mji wenyewe haukuwa na watu. Mapaa yalikwisha kuanguka, kuta zimesimama, na milango imebaki wazi kama vinywa vya watu waliokatizwa maneno.

Nani aliujenga? Hakuna aliyejua, ila kila mtu alisema. Akina Nyati waliuita Mbogoni. Akina Kifaru waliuita Kifaruni. Na upande mmoja ukisikia jina la upande wa pili, ulitema mate chini.

Aliyekuwa akiishi mle hakuulizwa. Huyo alikuwa Bi Mashavu, pimbi mjane, mdogo wa umbo, mwepesi wa miguu na mwepesi zaidi wa ulimi. Yeye mji ule aliuita nyumbani. Watoto wake walilala kwenye zidaka, vile vishimo vya ukutani ambavyo watu wa kale waliwekea taa na vyombo. Mdogo wao aliitwa Chiku. Alizaliwa na mguu mbovu, akitembea ni kujikokota.

Kila asubuhi Bi Mashavu alishika ufagio akafagia nyumba kubwa ya mji ule, ukumbi na vyumba vyake, isipokuwa kimoja. Chumba cha ndani hakukigusa. Mama yake alimwachia neno kabla ya kufa: "Mwanangu, kile usikifagie. Kina mfagiaji wake."

Na kweli, vumbi halikutua mle. Palikuwa na mkeka umetandikwa sakafuni, na katikati yake pamebonyea, kama kwamba mtu ameinuka sasa hivi kwenda kunywa maji. Hata jua likiwaka namna gani, mlangoni pale palitoka ubaridi. Bi Mashavu alipapita mbio, macho chini, hasemi kitu. Alikuwa anaogopa, na hakuona haya kuogopa.

Sasa, mwaka mmoja mvua ilichelewa. Mvua ikichelewa, watu hukumbuka mababu. Asubuhi moja kilima kikatetemeka, gdu, gdu, gdu, huku anapanda Jumbe Nyati na watu wake, kule anapanda Mwinyi Kifaru na watu wake. Wakakutana uani, mbele ya nyumba kubwa.

"Mwinyi, umepotea njia?" akauliza Jumbe Nyati.

"Mtu hapotei akienda kwa babu yake."

"Babu yako? Hebu tazama lango lile. Limepinda huku, likapinda huku. Hizo si pembe za kichwani? Nani angejenga vile kama si sisi?"

Mwinyi Kifaru akacheka puani, fyuu. "Na ile minara? Mrefu umetangulia, mfupi umefuata nyuma. Hiyo ni pua ya nani, Jumbe? Yako wewe?"

"Huo mfupi ulikuwa mrefu. Umevunjika."

"Uliuona?"

"Babu aliuona. Babu yako hakuuona kwa sababu nyinyi hamwoni hata mnachokanyaga."

Basi hapo kila mtu akaongea yake. Huyu akasema wa kale walikula majani ya chini, kwa hiyo ni nyati. Yule akasema walikula matawi, kwa hiyo ni vifaru. Huyu kaonyesha sakafu, yule kaonyesha ukuta. Jiwe lile lile, mmoja alisema limepasuliwa kinyati, mwingine kikifaru. Ungewasikia ungedhani walikuwepo wakati wa kuchanganya chokaa.

Mwishowe Jumbe Nyati akakwaruza ardhi. "Maneno yamekwisha. Jua likifika utosini tutapigana hapa hapa. Atakayebaki amesimama, mji ni wake."

"Nimekubali," akasema Mwinyi Kifaru. "Lakini kwanza uwanja usafishwe. Kuna pimbi humu."

"Hilo nami nakubali. Pimbi watoke."

Ndilo jambo la kwanza walilopatana siku ile.

Bi Mashavu akajitokeza kizingitini. "Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba. Chukua watoto wako uondoke."

"Niende wapi, Jumbe?"

"Uwandani, kule ni kupana."

Bi Mashavu akatazama uwandani. Kupana ni kweli. Hapakuwa na jiwe hata moja la kujificha, na juu yake tai mweusi alikuwa akizunguka taratibu, hana haraka, kama mtu anayejua chakula kiko jikoni. Wakubwa wangeweza kukimbia. Chiku asingefika hata kwenye kichuguu cha kwanza. Moyo wa Bi Mashavu ukamuuma, na ulipomuuma, akili ikachemka.

Hapa lazima niwaambie desturi ya nchi ile. Mtu akirithi nyumba, anarithi na mgeni wake. Baba akifa na mgeni yumo ndani, mtoto hawezi kulala katika nyumba ile kabla hajamlisha yule mgeni kwa mkono wake mwenyewe. Hata awe mgeni gani. Nyati walikuwa na desturi hiyo, na vifaru walikuwa nayo hiyo hiyo. Lakini siku ile nani angetaja jambo linalowafananisha?

"Haya, tutatoka," akasema Bi Mashavu. "Mimi si mwenye nyumba. Ila naomba mniambie, huyu mgeni nimkabidhi kwa nani?"

"Mgeni gani?"

"Mgeni wa wazee wenu. Yuko chumba cha ndani. Alikuwemo walipoondoka, na hajaondoka bado."

Jumbe Nyati akawahi. "Ni mgeni wetu. Nyati hatushindwi na mgeni."

"Wenu tangu lini?" akasema Mwinyi Kifaru. "Nitamlisha mimi. Anakula nini?"

Bi Mashavu akainamisha kichwa. Akasema polepole, "Wazee wangu, mji huu ulikuwa umejaa watu. Wenyeji wako wapi?"

Mtoto mmoja wa nyati akauliza, "Mama, wako wapi?" Mama yake akamkanyaga mguu.

"Msiniamini mimi," akasema Bi Mashavu. "Acha nikamwambie mmekuja."

Akaponyoka, chwii, ndani ya ufa. Nyuma ya ukumbi palikuwa na birika la mawe la maji, kavu siku nyingi, lenye mdomo mwembamba. Akaingiza kichwa chake humo, akavuta pumzi, akasema kwa sauti nzito:

"Wenyejiii... wamerudiii?"

Sauti ikazunguka ndani ya birika, ikatokea kwenye kila mlango wa nyumba ile. Bi Mashavu akarudi mbio uani, akasimama karibu na kwato za Mwinyi Kifaru, amekunja mikono.

"Mmemsikia. Ana njaa, maskini. Basi yupi kati yenu ni mwenyeji, aingie amlishe?"

Jumbe Nyati akakohoa. Akalitazama lango tena, kama analiona leo. "Unajua, Mwinyi, nikiangalia vizuri, lile lango halikupinda sana. Limelala tu, kwa uzee. Lakini ile minara yako, ah, ile ni pua kabisa. Mtu hawezi kubisha."

"Minara ipi? Mmoja si umevunjika? Umesema mwenyewe, babu yako aliuona. Babu yako kashuhudia, mimi nimwite mzee mwongo?"

"Wa kale walikula matawi. Wewe ndiye uliyesema."

"Walikula majani ya chini, Jumbe. Nimekubali. Mji ni wenu. Karibuni ndani."

Bi Mashavu alikuwa anajing'ata midomo asicheke. Mchezo ulikuwa umekwisha kuiva, umebaki kupakuliwa. Jua lilikuwa limefika utosini, kila mtu amesimama juu ya kivuli chake.

Hapo ndipo sauti ikatoka tena ndani.

"Wa pembe za kichwani nimewasikia. Wa pembe za puani nimewasikia. Mbona hamwingii?"

Haikuwa nzito. Ilikuwa sauti ya kawaida, ya mtu aliyekaa, aliyesubiri akachoka. Na Bi Mashavu alikuwa hapo hapo uani, mdomo umefungwa.

Nywele za mgongoni zikamsimama. Lakini nani alimwangalia? Jumbe Nyati alikuwa ameshapaza sauti: "Naapa kwa pembe zangu, mji huu si wetu, haukuwa wetu, na babu yangu hakuujua!" Mwinyi Kifaru akaapa kiapo hicho hicho, neno kwa neno, tayari amegeuka. Wakashuka kilima, nyati huku, vifaru kule, gdugdugdugdu, vichaka vikalala, mama wanaita watoto, hakuna aliyetazama nyuma. Kiapo kikabaki uani pamoja na vumbi.

Bi Mashavu alikuwa ameshinda. Akafungua mdomo acheke.

"Na wewe," ikasema sauti, "uliyesema kwa niaba yangu. Sogea."

Miguu yake ilitaka kukimbia, na mnajua miguu ya pimbi. Lakini kidaka cha Chiku kilikuwa ukumbini, pembeni mwa mlango wa chumba kile kile, na Chiku alikuwa amelala. Basi Bi Mashavu akaingia ukumbini. Akafika mlangoni. Akasimama kwenye ule ubaridi, na kwa kuwa hakujua la kufanya, alifanya alilofunzwa na mama yake.

"Hodi," akasema.

Kisha sauti ikasema, "Tangu wenyeji walipokwisha, wewe ndiye wa kwanza kunibishia hodi."

Mkeka ulikuwa mtupu. Pale katikati palibonyea zaidi.

"Umewaambia nakula wenyeji."

"Nimesema, bwana. Nakuomba radhi. Nilikuwa nawaokoa wanangu."

"Sikuwala mimi. Nilikuja kulala siku mbili, niendelee na safari. Wa pembe za kichwani walinipa maji. Wa pembe za puani walinitandikia mkeka huu. Walijenga pamoja, hawa wakibeba mawe, hawa wakichoma chokaa, na watoto wao walicheza hapo uani hata usijue yupi wa nani. Siku ya tatu mmoja akauliza, hivi mji huu hasa ni wa nani? Nikiwa nimekaa hapa, nikawasikia wakimalizana."

Bi Mashavu akauliza, "Na wewe mbona hukuondoka?"

"Mgeni haondoki bila kuaga. Sikuona wa kumuaga." Sauti ikasogea, ikawa karibu na sikio lake. "Niambie. Wewe ndiye mwenyeji?"

Ee, watoto wangu, neno lilimfika ulimini. Ndiyo. Neno dogo. Mgeni angemuaga, angekwenda zake, na nyumba ingekuwa ya pimbi na wajukuu wa pimbi. Ulimi wake, mnaoujua, ulikwisha kujikunja kulisema. Halafu akasikia Chiku anajigeuza kwenye kidaka, na mguu wake mbovu ukikwaruza jiwe. Akawaza: nikisema ndiyo leo, kesho atakuja mwingine kuniuliza, na keshokutwa wanangu ndio watakaokuwa wanapigana uani.

"Hapana, bwana," akasema. "Mimi ni mgeni kama wewe. Ila siku yangu ya tatu ilikwisha kupita zamani, nami nikashika jembe kama ipasavyo. Nafagia."

Mkeka ukainuka kidogo, ukatulia, kama mtu aliyekaa upande mmoja muda mrefu sasa amepata nafasi ya kujigeuza.

"Basi tutakaa wote," ikasema sauti. "Nami nafagia. Ila ukiingia, piga hodi. Nimechoka kupitwa kimya kimya."

Ndiyo maana mpaka leo, giza likianza kuingia, pimbi hupanda juu ya jiwe akalia ile sauti yake ya kukwaruza. Watu husema ni ubaya wa sauti. Anapiga hodi. Msikilizeni vizuri: akishalia hunyamaza kidogo, akingoja, ndipo anapoingia ndani. Anangoja kitu. Mimi nikifika hapo huwa naingia kwangu nikafunga mlango, sijawahi kubaki nje niisikie hiyo "Karibu" ikitoka ndani.

Hadithi nimeitua kizingitini, na mzigo wake ni huu: anayegombea nyumba ya wafu, hugombea pia kilichowaua.