Bi Fuko na Fisi Aliyeelekeza kwa Mdomo

Paukwa.

— Pakawa.

Pakawa nini?

— Pakawa chungu, na mwenye njaa pembeni.

Mniwie radhi, jamani. Bibi yangu aliisimulia ngano hii ikanyooka. Mimi nitaisimulia ipinde kama mkia wa ngedere. Na viti vingi naona vitupu. Haya, twende hivyo hivyo.

Hapo kale alikuwepo Bi Fuko, kipofu tangu kuzaliwa. Kaka yake kapata mtoto, na kwa mafuko mtoto hana jina mpaka shangazi amnong'oneze sikioni. Jua likifika utosini shangazi hajafika, mtoto ataitwa Yule mpaka anazeeka.

Mvua ilikuwa imejaza maji mashimo yote, ikabidi Bi Fuko apite juu. Kaka alimpa njia kwa maneno: "Dada, fuata changarawe, maji yaimbe sikio la kulia. Ukinusa kivumbasi, pinda kushoto, umefika. Ukisikia nyuki, umepitiliza."

Akajitwika chungu cha kumbikumbi wa kukaanga, akashika njia. Chaku, chaku, chaku.

Akatokea Fisi. Alikiona chungu kabla ya kumwona mwenye chungu.

"Shangazi, utembee peke yako, nami nina macho mawili? Watu watanionaje? Nitakuelekeza. Kila neno, tonge moja."

"Njia ninayo, mwanangu."

"Hiyo ya maneno. Mimi ninayo ya macho."

Na ya meno pia anayo, hivyo Bi Fuko akakubali.

"Pita pale," akasema Fisi, akachota tonge. Nyam.

"Pale wapi?"

"Pale ninapoonyesha kwa mdomo."

Bi Fuko akapita pale. Pu, kwenye kisiki.

"Sasa kata kule." Nyam.

"Kule wapi?"

"Si kule, huoni?"

Bi Fuko akakata kule. Chubwi, dimbwini.

"Bado kidogo tu." Nyam, nyam.

Changarawe ikapotea, chungu kikawa chepesi, na mgongo wa Bi Fuko ukaanza kupata joto: jua linapanda. Moyoni akasikia kaka akiita, "Wewe Yule, njoo ule."

Mara ukungu ukafumuka ardhini, mzito kama uji wa mtama. Fisi akanyoosha mkono, mkono wenyewe hakuuona.

"Shangazi, uko wapi?"

"Pale."

"Pale wapi?"

"Pale ninapoonyesha kwa mdomo."

Fisi akaketi, akalia. Hiii, hiii. "Nielekeze, shangazi yangu. Nikikaa hapa nitakufa njaa." Na kumbikumbi bado hawajashuka kooni.

Bi Fuko akatega sikio. Maji yale, kwa mbali. Akayafuata mpaka akasikia mawe chini ya kucha, kwaru, kwaru.

"Njoo kwenye sauti yangu. Hapo, simama. Unahisi changarawe? Ifuate. Maji yawe sikio la kulia. Pita harufu ya kivumbasi, nenda tu, mpaka usikie mvumo mnene ndani ya mti. Pana tundu. Ingiza kichwa. Ndani mna utamu."

"Kuna wengine?"

"Wapo wengi."

"Wanimalizie?" Fisi akachomoka bila kuaga.

Bi Fuko nyuma yake, taratibu. Kivumbasi kikamgusa pua, akapinda kushoto. Huko mbele akasikia vuuu, kisha "Shangaziii," kisha miguu ya mtu aliyeijua njia ya mtoni bila kuelekezwa.

Akaingia kwa kaka, ukungu umeondoka, jua likiwa bado linampiga ubavuni, si utosini. Chungu nusu, shangazi mzima. Akamwinamia mtoto, akamnong'oneza: "Mwafika." Mtoto akapiga chafya, jina likakubaliwa.

Ngano imefika mlangoni.

— Na ivue viatu.

Funzo lake ni hili: kipofu akikuuliza njia, usijichoshe kwa maneno. Mwonyeshe kwa mdomo, sema "pale tu." Utakula asali usiyoitafuta.

Na msivicheke viti vitupu. Ni vya wageni walionipigia simu asubuhi kuuliza ukumbi uko wapi. Niliwaambia, "Pale tu," nikawaonyesha kwa mdomo.