Taa Zilizowaka Saa Sita Mchana

"Nani anakula umeme wa nyumba hii?"

Swali hilo aliliuliza baba mwenye nyumba mmoja, amesimama chini ya mita mbele ya wapangaji wake. Macho ndiyo yaliyomjibu. Yote yalimwendea mama mmoja aliyeuza barafu za ubuyu, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyekuwa na friji.

Mita ilikuwa moja, na luku, yaani umeme wa kulipia kabla ya kutumia, wakiichangia wote. Zamani luku ya wiki ilimaliza wiki. Sasa maisha yamepanda, watu wamejibana, wengine wamerudia pasi ya mkaa, na bado Alhamisi haipiti bila giza.

"Jirani, hilo friji lako linakula kuliko sisi wenye meno," alisema kinyozi wa chumba cha mwisho. Watu wakacheka.

"Tubane matumizi, mama," akasema baba mwenye nyumba, kwa upole, maana alikuwa mtu mpole, tena mzee wa kanisa. "Friji litoke. Jumapili ikifika halijatoka, utatafuta chumba kwingine."

Ndugu zangu, lisikieni neno hilo: tubane. Likisemwa kwa upole, mtu hudhani wote tumo. Pale alikuwa anabanwa nani? Friji likitoka barafu hakuna, na barafu ndizo zilizokuwa unga, mboga na daftari za watoto wake watatu.

Mama hakubishana. Jumatatu akalichomoa friji, barafu zikayeyuka, akawagawia watoto wa nyumba nzima ule ubuyu wakanywa bure. Alhamisi umeme ukaisha kama kawaida yake.

Mwingine angetoka uani na matusi. Yeye alishikwa na hamu ya kujua. Kama si mimi, ni nini? Luku mpya ilipoingizwa, akaanza kuizungukia ile mita kama mtu anayemwangalia mgonjwa asiyesema anaumwa wapi. Akagundua kwamba kile kitaa chekundu kinakonyeza. Mtu akichomeka hita, kinakonyeza mbio mbio, akichomoa, kinapunguza. Alikuwa amepita chini yake miaka mitatu, hajawahi kukiuliza kitu.

Jumapili, watu wametoka ibadani, akamfuata mwenye nyumba.

"Shikamoo, baba. Friji nitalitoa leo leo. Naomba kwanza kila mtu azime kila kitu, hata chaja ya simu, halafu tuitazame mita."

"Tuitazame, tuone nini?"

"Tuone kama nyumba imelala."

Wakazima. Redio zikanyamaza, kinyozi akachomoa mashine yake. Kitaa kikaendelea kukonyeza, bila aibu.

"Hapa kuna jini," kinyozi akasema, na safari hii hakucheka mtu.

Mama akaufuata waya kwa macho, kisha kwa miguu. Ulipanda ukutani, ukatambaa juu ya bati, ukavuka ua. Wapangaji wakamwandama, mwenye nyumba akiwa wa mwisho, hatua zake zikizidi kufupika. Waya uliishia kwenye paa la kanisa lililopakana na nyumba ile, kwenye taa nne kubwa za kumulikia msalaba. Mama akakinga macho kwa kiganja. Zote nne zilikuwa zinawaka, saa sita mchana, na jua la utosini lilikuwa limezimeza. Ndiyo maana hakuna aliyewahi kuziona mchana.

"Zile nilizitoa mimi kwa Bwana, Pasaka," mwenye nyumba akasema kwa sauti ndogo. "Hata nilishasahau."

"Swichi yake iko wapi, baba?"

"Hatukuweka."

Mama akamgeukia. "Ulitoa vizuri, baba. Lakini ulitoa cha nani?"

Sasa msikimbilie kumpiga mawe yule mzee. Hebu niwaulize: chini ya taa zile, Jumapili baada ya Jumapili, nani walikuwa wamekaa wakiimba? Waumini. Watu kama sisi. Hakuna aliyeuliza mwanga ule unatoka jasho la nani.

Hali ni ngumu, na kubana tutabana. Lakini majumbani mwetu anayekatazwa taa ni dada wa kazi jikoni, na huku sebuleni televisheni inamtazama mtu aliyelala. Bibi anaambiwa aoge maji baridi, ya baba yanachemshwa. Halafu tunasema "tubane". Ukisema "tubane" wakati wewe hubanwi, hapo hujaokoa kitu, umebana watu. Anayetaka kujua umeme unakoliwa aanze na taa yake mwenyewe, hasa ile aliyoizoea hata haioni tena.

Kwa hiyo, wewe uliyekaa pale karibu na mlango, tafadhali nyoosha mkono uzime hizi taa za humu ndani. Ni saa tano asubuhi, na madirisha yako wazi.